Maiti Aliyeomba Sigara

Baba yangu, Mzee Castory wa Matombo, alikuwa na mwendo wa kila mtu. Akitaka kukuonyesha padre anavyotembea akitoka kubariki shamba, basi padre utamwona, na kanzu yake utaiona, ingawa baba mwenyewe kavaa kaptula iliyotoboka. Mwenyekiti wa kijiji alimwiga mbele ya mwenyekiti mwenyewe, tumbo mbele, mikono nyuma, na mwenyekiti akacheka hadi akashika nguzo ya kilabu asianguke. Watu walikuwa wakimnunulia pombe ili awaige jirani zao. Halafu wakaogopa kuvuka uwanja kurudi nyumbani, maana walijua anawatazama.

Nasema haya mapema ili mjue nilizaliwa na mtu wa namna gani. Mimi ni Josephina, mwanawe wa pekee. Nauza mitumba sokoni Morogoro mjini, na nina mdomo. Wanaosema nimeurithi hawajakosea hata kidogo.

Miaka ile ya ruksa, kila mtu alipoambiwa auze anachoweza kuuza, ndipo Mzee Abasi alipoingia kwenye maisha yetu. Abasi ni Mnyamwezi wa Tabora. Alifanya kazi reli mpaka walipoanza kupunguza watu, wakampunguza na yeye, akiwa pale stesheni ya Kingolwira. Hakurudi kwao. Alitafuta matenga, akawa anapanda Matombo kwa malori ya ndizi, ananunua matunda kwa baba, anashuka kuwauzia abiria wa treni madirishani. Mguu wake wa kulia uliwahi kubanwa na behewa, kwa hiyo alikuwa anauburuta.

Sasa, Mluguru na Mnyamwezi ni watani, na utani wetu si wa mdomoni tu. Mtani anaingia kwako, anachukua kuku, anaondoka, na ukikasirika wewe ndiye mwenye makosa. Ukifa, yeye ndiye anakuzika. Anakuiga mbele ya wafiwa mpaka wacheke na makamasi yakiwatoka, na maiti haitoki ndani mpaka apewe ada yake. Baba na Abasi walikutana siku ya kwanza kwa matusi na hawakuacha tena.

"Mpagazi!" baba angepaza sauti akimwona anapandisha kilima. "Pembe za ndovu umeziacha wapi leo?"

"Shuka kwanza mtini wewe tumbili," Abasi angejibu, "ndiyo nikusikie vizuri."

Na huyo baba angeshika njia mbele yake, anaburuta mguu wa kulia, bega limeinama, Abasi kabisa. Watoto walikuwa wanakaa chini kwa kucheka. Abasi naye alikuwa akitukana hadi ukoo wa tatu, halafu wanakula pamoja ugali na mboga za magimbi.

Basi mwaka mmoja kabla ya ule uchaguzi wa vyama vingi, baba akaanza kuburuta miguu yote miwili. Kaitanua, hatua fupifupi, nyayo hazitaki kuinuka, utadhani kakanyaga ulimbo wa fenesi. Akitaka kugeuka, anageuka kidogo, kidogo, kidogo, kama lori kwenye njia nyembamba. Mara ya kwanza tulipouona mwendo huo Abasi alikuwepo, na sisi sote tukajua anamwiga Abasi, ila safari hii kaongeza chumvi. Jamani, tulicheka! Abasi aliruka juu, akasema, "Alaa, sasa nina miguu miwili mibovu?" Akaanza kumwiga baba anavyomwiga yeye. Wazee wawili wanaburuta miguu uwanjani, mmoja nyuma ya mwenzake, na kijiji kizima kimeshika mbavu.

Baba naye alicheka. Hilo linaniuma hadi leo, kwamba alicheka na sisi. Nilipomwuliza baadaye ataacha lini, akaitazama miguu yake, akasema, "Imenogewa, mwanangu. Naiambia basi, haitaki."

Nikajua huo pia ni utani. Ningejua vipi vingine, kwa mtu yule?

Yakaja mengine ambayo hayachekeshi. Nikipanda Matombo mwisho wa mwezi nakuta magodoro yameanikwa. Baba msafi, baba aliyekuwa akipiga pasi hata shati la shambani, sasa haja ndogo inamtoka kabla hajafika chooni, na miguu hiyo ingemfikisha lini? Halafu akaanza kuniita Kristina. Kristina ni dada yake, amekufa mimi nikiwa bado nanyonya.

"Mimi Josephina, baba."

"Najua," anasema, na baada ya kitambo, "Kristina, maji ya moto yapo?"

Nilikasirika. Nilimwambia utani una mwisho wake, mbele za watu nilimwambia hivyo, na yeye akanitazama kwa adabu, kama mtu anayesikiliza mgeni. Mjomba wake, Lukasi, mkubwa wa ukoo wetu, akaninyamazisha. Akasema huo ni uzee. Uzee gani jamani unaoingia kwa mtu mwenye miaka sitini na kitu, kabla ya kumfikia Lukasi mwenyewe mwenye themanini na meno yake yote?

Sasa nimlete mwanangu Esther. Esther alizaliwa na maji kichwani. Alipokuwa mchanga, kofia ya mwezi huu haikumtosha mwezi ujao, utosi umevimba umekaza, mishipa imesimama, macho yameelekea chini tu. Wengine walinishauri nimfiche. Mimi nikafungasha, mguu mosi mguu pili, hadi hospitali kubwa ya Dar es Salaam. Wakamwekea mrija chini ya ngozi, kutoka kichwani hadi tumboni, maji yapate pa kupita. Kichwa kikaacha kukimbia. Mwaka ninaousimulia alikuwa na miaka sita na mdomo wa babu yake, na kila baada ya muda nampeleka Dar kwa daktari wake, mama mmoja mwembamba wa kucheka kwa urahisi, aitwaye Daktari Mwaisha.

Siku hiyo daktari alimpima, akaridhika, akamwuliza, "Haya Esther, leo umeniletea kichekesho gani?" Maana walishazoeana.

Esther akashuka kitandani. "Nakuigia babu," akasema.

Akatanua miguu. Akaanza kuvuta nyayo sakafuni, fupi, fupi, hazinyanyuki. Daktari akacheka, mimi nikacheka, nesi akacheka. Esther akafika ukutani, akageuka kidogo, kidogo, kidogo.

Daktari akaacha kucheka. "Hebu rudia hapo pa kugeuka," akasema. Esther akarudia kwa furaha kubwa, na kuongeza kikohozi cha babu. "Mama Esther, babu yake huyu anakojoa kitandani siku hizi?"

Nilitaka kuzama. "Nani kakuambia?"

"Na anasahau?"

Nikakaa chini. Daktari naye akaketi pembeni yangu, akanieleza polepole, na namshukuru hadi kesho kwa sababu hakunieleza kama anayemfukuza mtu mlangoni. Akasema maji hayo kila mwenye kichwa anayo. Yanatengenezwa humo ndani, yanauzunguka ubongo, yananyonywa yanarudi kwenye damu. Njia ikiharibika, yanajaa. Mtoto mchanga mifupa ya kichwa bado haijashikana, kwa hiyo kichwa kinapanuka na kila mtu anaona. Mkubwa mifupa imeshafunga. Yakijaa haraka, shinikizo linapanda kwa sababu hakuna pa kutanukia: kichwa kinamwuma vibaya asubuhi, anatapika, macho yanaingia kiwi. Lakini kuna wazee ambao yanajaa taratibu mno, kichwa hakiumi, hakivimbi, hakuna anayejua. Ubongo unasukumwa kidogo kidogo. Miguu inaanza kulalamika, kisha kibofu, kisha kumbukumbu.

"Si kila mzee anayesahau ana ugonjwa huu," akasema, "na si kila mwenye nao anapona. Lakini mlete nimwone. Mlete mapema, mama. Kumbukumbu ikikaa muda mrefu imebanwa hivyo, huenda isirudi."

Nilirudi Morogoro na jambo moja tu kichwani: baba afike Dar kabla hajanisahau moja kwa moja.

Thubutu! Baba alikataa. Alinisikiliza hadi mwisho, siku hiyo akili yake ilikuwa nzuri kidogo, kisha akaagiza kofia yake. Ni kofia ya kitambaa aliyoinunua wakati wa uhuru. Akaivaa mbele ya Lukasi na wazee wengine wa ukoo.

"Esther kofia zilikuwa hazimtoshi, ndiyo au siyo?"

"Ndiyo," nikasema.

"Hii inanitosha?"

"Inakutosha, lakini baba..."

"Tangu uhuru!" akasema Lukasi, na wazee wote wakaitikia kwamba kweli, kichwa cha Castory ni kilekile, wao ni mashahidi. Nikaeleza habari ya mifupa iliyofunga, nikaeleza mpaka mate yakanikauka. Wapi! Kofia ikashinda uchaguzi bila kupingwa. Lukasi akamalizia kwamba hakuna mtu wa ukoo wake atakayekwenda kutobolewa kichwa Dar es Salaam huku kofia inamkaa vizuri. Nikaenda nyuma ya jiko nikalia kwa hasira.

Nilikuwa bado huko nyuma ya jiko Abasi alipofika na matenga yake. Nilimsikia tangu bondeni.

"Hodi kwa tumbili! Mwenye miti yupo?"

Nikachungulia. Baba akainuka kwenye kigoda, taratibu, akavuta nyayo mpaka mbele ya Abasi, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mzee wangu," akasema. "Karibu sana. Umetoka mbali?"

Abasi akacheka, akangoja. Nilimwona anavyongoja, mdomo wazi, tayari kwa tusi litakalofuata. Halikufuata.

"Wewe tumbili wewe," akajaribu tena, kwa sauti ndogo.

"Kama nimekukosea unisamehe, mzee wangu," baba akasema. "Kristina! Mletee mgeni maji."

Haki ya Mungu sijawahi kumwona mtu mweusi akipauka vile. Mluguru amempa Mnyamwezi shikamoo! Abasi aliweka matenga chini, akaja nyuma ya jiko, akanikuta na machozi yangu. Nikamweleza yote, ya daktari, ya maji, ya kofia.

"Kwa hiyo ule mwendo," akauliza, "hakuwa ananiiga mimi?"

"Hapana, mzee. Ulikuwa wake."

Akakaa juu ya kuni. "Nimemcheka mgonjwa mwaka mzima."

"Tumemcheka sote."

Akawa anachora chini kwa fimbo. Mara akainua uso, na nikaona macho yake yanaanza kucheza. "Josephina, aliyenipa shikamoo pale nje si Castory. Castory hawezi. Basi Castory amekufa. Mtani akifa, nani anamzika?"

"Wewe."

"Haya," akasema, akainuka. "Kesho kutwa nakuja kuchukua maiti yangu."

Akaja. Alikuja na Wanyamwezi wenzake wa Kingolwira, kundi zima, wamebeba kitanda cha kamba, mmoja anapiga debe, mwingine kajifunga kanga kichwani anaomboleza kwa sauti ya mwanamke: "Yuuu! Castory wee! Umetuachia nani ndizi!" Watu wakatoka majumbani mbio. Wakamkuta Abasi katikati ya uwanja, anamwiga marehemu anavyomwiga padre.

Lukasi akatoka na mkongojo. "Nini hii? Hakuna aliyekufa hapa!"

"Mjomba, pole na msiba," Abasi akamwambia, kofia mkononi. "Tumekuja kumtoa ndani. Lakini ada kwanza. Mnajua mila. Hatumgusi bila mbuzi."

"Mbuzi!" Lukasi akawaka. "Mbuzi kwa msiba gani? Marehemu Dominiko tuliwapa jogoo tu, na alikuwa mkubwa kuliko huyu!"

"Mbuzi."

"Jogoo! Na mshukuru Mungu."

"Haya, jogoo na mkungu mmoja wa ndizi."

"Jogoo peke yake!" Lukasi akapiga mkongojo chini, akaagiza jogoo aletwe, akamkabidhi Abasi kwa mkono wake mwenyewe. Halafu mama mmoja akaangua kicheko, maana wote tuliona kwa pamoja: mkubwa wa ukoo amelipa ada ya msiba. Mwenye kulipa ada kaukubali msiba, na maiti ni ya watani mpaka shimoni. Lukasi akabaki ameshika unyoya wa mkia, mdomo unafunguka na kufunga. Mila ni mila. Hakuweza kurudi nyuma mbele ya watu wote wale, na nadhani hata mwenyewe, chini kabisa ya moyo wake, alishukuru.

Wakaingia ndani. Nikamsikia baba anauliza, "Nani kafa?"

"Wewe."

"Lini?"

"Juzi."

"Mbona sikuambiwa?"

"Marehemu haambiwi. Lala hapa, na usituaibishe."

Akalala. Sijui kama alielewa, au kama ni mila tu iliyomlaza, maana hiyo aliijua kabla ya kujua jina langu. Wakamfunika shuka hadi kidevuni, wakainua, na msafara ukaanza kuteremka kwenda kwenye lori, debe linalia, wanawake wanapiga vigelegele katikati ya vilio. Mimi nilikuwa nalia na kucheka mpaka sikujua lipi ni lipi. Njiani watu wanauliza nani amefariki, na Abasi anajibu, "Castory! Yule pale, mwulizeni mwenyewe."

Penye kona ya kanisa tukamkuta katekista, hajasikia lolote. Masikini wa Mungu akasimama kando ya njia, akavua kofia, akapiga ishara ya msalaba. Maiti akajiinua kwa kiwiko.

"Katekista," akasema, "huna sigara?"

Katekista aliruka mtaro. Kiatu chake kimoja kilibaki, tukamwachia mwenye duka.

Ndivyo baba alivyofika Dar es Salaam, kwa lori la ndizi hadi Morogoro, kisha kwa basi, kati yangu na Abasi, akiwaeleza abiria kwamba yeye ni marehemu. Daktari Mwaisha akampiga picha ya kichwa. Maji yamejaa, vyumba vya ndani vimetanuka. Kwanza, akasema, atajaribu: akamtoboa mgongoni kwa sindano, akayapunguza kidogo, aone mwili utasemaje.

Alasiri ile ile baba aliinuka akaomba choo. Hakungoja kushikwa. Alitembea. Nyayo zilinyanyuka, moja, nyingine, kavukavu, za mtu mwenye haraka zake, na Abasi akamkimbilia nyuma na mguu wake wa behewa. Wazee wawili wakapita katikati ya wodi, na safari hii aliyeburuta alikuwa mmoja tu. Nilipiga kigelegele humo humo wodini.

Wakamfanyia upasuaji, wakamwekea mrija kama wa Esther. Daktari alinionya kabla: miguu huitikia upesi, kumbukumbu ni bahati ya Mungu. Hapo ndipo roho yangu ilipokuwa. Atembee mpaka Tabora akitaka, lakini kama ataendelea kuniita Kristina, nimempata nani?

Tuliruhusiwa kumwona ameketi, kichwa kimefungwa bendeji. Abasi, mwenye domo la reli nzima, alisimama mlangoni hasemi kitu. Aliogopa kupewa shikamoo. Baba akamtazama, akamtazama tena.

"Nesi," akaita, "mnaruhusuje mpagazi aingie wodini na miguu hiyo? Atatuletea funza."

Abasi akapiga kofi ukutani, akacheka, akalia, akamtukana yeye na milima yake yote. Wagonjwa wanauliza kuna nini. Mimi nilikuwa nimesimama miguuni pa kitanda. Kwamba amemjua Abasi, sawa. Mimi je? Baba akageuza macho, yakanikuta, yakakaa. Yalikaa muda mrefu. Nikamwona anatafuta, na sikuthubutu kumsaidia. Machozi yakaanza kunitoka.

"Josephina," akasema, na amekunja uso, "acha kulia. Watu watadhani nimekufa."

Wodi nzima ikaangua kicheko, na mimi nikalia kwa nguvu zaidi. Nikashika mguu wake juu ya shuka.

"Rudia, baba."

"Nirudie nini?"

"Jina langu."

Akanitazama kama mtu aliyezaa chizi. Akalirudia. Nikamwomba tena, akalirudia tena, kwa sauti ya kuitia mtu ng'ambo ya bonde, mpaka nesi akaja kutunyamazisha.